Mkutano wa Kitu

Jimbo lile halikuwa na mlima, wala ziwa, wala mchezaji aliyewahi kuingia timu ya taifa zaidi ya dakika za majeruhi. Lilikuwa kitongoji kama vitongoji vingine: nyumba zilizobanana bega kwa bega, maduka yenye vibaraza, mafundi wa kila aina, na watu wanaotoka asubuhi kwenda kutafuta mjini na kurudi jioni wamechoka lakini bado wana la kusema. Ila lilikuwa na ukuta. Na kwa ukuta huo wenyeji walitembea vifua mbele kana kwamba waliujenga kwa mate yao wenyewe.

Ukuta ulikuwa ndani ya ukumbi wa jimbo, upande wa kushoto ukiingia, kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Juu yake walichorwa wabunge wote waliowahi kuliwakilisha jimbo, wima, ukubwa wa mtu wa kweli, kutoka utosini hadi kwenye viatu, na kila mmoja ameshika kitu. Kitu chenyewe hakuchagua mbunge. Walichagua wananchi. Mbunge akishaondoka, kwa kushindwa, kwa kuchoka au kwa kufa, watu walikutana Jumamosi asubuhi wakabishana mpaka wakubaliane ashike nini milele. Uliitwa Mkutano wa Kitu, na kila mtu alikiri kwamba ulikuwa mgumu kuliko uchaguzi. Kura unapiga peke yako, umejificha nyuma ya ubao. Kwenye Mkutano wa Kitu unasimama, unasema mbele ya shemeji yako.

Wa kwanza, pale karibu na mlango, alikuwa Mzee Bomba. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Aliupata ubunge wakati jimbo lingali viwanja na magugu, akaleta maji, na ukutani ameshika bomba lenye tone linaloning'inia, tone ambalo halijadondoka tangu siku ile. Mzee alikuwa bado hai. Kila Jumapili alipita kujiangalia, akisingizia kwamba amekuja kuona kama ukumbi umefagiwa.

Wa pili alikuwa Kinanda, aliyezungumza bungeni kwa sauti tamu hata wapinzani wakasahau kupinga. Hakuleta tofali hata moja. Lakini watu walisema, jamani, jina la jimbo letu limesikika redioni mpaka kwa wakwe zetu, mpeni kipaza sauti. Akapewa. Wa tatu alichorwa kwa mgongo. Huyo walimpa begi la safari, maana hakukaa jimboni. Alipoulizwa kama anapokea, alinuna, akasimama, akatoka nje. Basi jimbo likaamua kwa kauli moja achorwe kama alivyoonekana mara ya mwisho. Wanafunzi wanaoletwa kuutazama ukuta humpenda Mgongo kuliko wote. Wa nne alikuwa Daktari, aliyeleta zahanati na kufariki akiwa kazini. Ameshika mtoto mchanga aliyelala, na mbele ya picha yake hata walevi huvua kofia. Wa tano ni Mwavuli. Alijenga kituo cha mabasi kizuri, chenye mabenchi ya zege na saa kubwa, akasahau paa. Akapewa mwavuli. Alicheka, akapokea, na mpaka leo mvua ikimkuta kituoni hunyeshewa pamoja na wenzake bila kunung'unika.

Nafasi ya sita ilikuwa tupu. Wa kuchora alikuwa Brashi, na wa kuchorwa alikuwa mke wake.

Brashi alikuwa mchora mabango. Karibu kila herufi iliyosomeka kitongojini ilitoka mkononi mwake: SALUNI, DAWA ZA BINADAMU, USIKOJOE HAPA. Ukuta aliurithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, na tangu Mgongo ndiye aliyekuwa akiwachora. Sheria ilikuwa moja: mchoraji haruhusiwi kusema kitu mkutanoni. Mkono wake ni wa jimbo zima, kwa hiyo mdomo wake unakaa pembeni. Sheria hiyo haikuwahi kumkera. Siku za mkutano alikaa nyuma karibu na dirisha akitafuna karanga, akiwasikiliza watu wakirushiana maneno kama waliokuja kwenye mchezo wa bure.

Safari hii karanga zilimkaa kooni kabla hajazinunua.

Mkewe, kabla ya ubunge, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kuuza koki na viungio vya bomba kwa muda mrefu kulimfanya ajue aibu ya kila nyumba. Mtu alikuja kununua kipande cha bomba, akaishia kunong'ona kwamba shimo la choo limejaa, kwamba mvua ikinyesha ua unageuka kitu ambacho hakisemeki mbele ya wageni. Wanaume wenye tai zao, wanawake wenye viatu vya mchuchumio, wote walinong'ona pale kaunta. Siku moja alichoka kunong'onezwa, akagombea. Akashinda. Alipofika bungeni, hotuba yake ya kwanza ilihusu choo. Wenzake walicheka mpaka spika akagonga meza. Yeye akasubiri kicheko kiishe, akaendelea pale pale alipoishia.

Fedha zikapatikana. Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Bomba la majitaka halipiti hewani. Jimbo zima likachimbwa. Kwa miaka miwili barabara zilikuwa mitaro, na mitaro ilikuwa vumbi wakati wa jua na uji wakati wa mvua. Watu walivuka kwenda makwao juu ya mbao. Wateja wakayakimbia maduka. Bibi harusi mmoja alibebwa mgongoni na mjomba wake mpaka kwenye gari, shela likiburuta nyuma kama mkia. Uchaguzi ulipofika, kijana mmoja nadhifu akasimama, akaahidi barabara laini, na mke wa Brashi akabwagwa vibaya. Kampeni nzima kuta ziliandikwa MAMA MITARO. Brashi alipoyaona maandishi hayo aliumia mara mbili: kwanza kwa sababu ya mkewe, pili kwa sababu herufi M ilikuwa imelala kama ng'ombe mgonjwa.

"Angalau wangeniita mimi niwaandikie," alisema nyumbani.

"Ungewaandikia?" mkewe akamuuliza.

"Ningewatoza mara mbili."

Mkewe alicheka. Yeye ndivyo alivyokuwa. Alishindwa Jumapili, Jumatatu akafungua duka, akapanga koki zake kama vile alikuwa ametoka kidogo kununua sukari. Aliyeshindwa kulala usingizi alikuwa mumewe. Kila alipofumba macho aliiona ile nafasi ya sita. Alijua midomo ya watu wa jimbo lile. Mtu aliyejenga kituo alipewa mwavuli. Aliyewavurugia barabara watampa nini? Ndoo? Koleo? Au watamwacha mikono mitupu, jambo ambalo halijawahi kumpata hata Mgongo? Mabango ya kampeni huchanika. Ukuta hauchaniki. Wajukuu wao wangeletwa pale na walimu, wakasimama mstari, wakamcheka bibi yao.

Basi alifanya jambo ambalo fundi wake angemzaba kofi kwalo. Siku chache kabla ya mkutano aliingia ukumbini na mkaa wa kuchorea, akamchora mkewe kabla jimbo halijasema. Alimchora amesimama wima ndani ya suti, kidevu juu, na mkononi kitabu kinene chenye jalada gumu. Kitabu gani, mwenyewe hakujua. Kilikuwa kinene, na hicho ndicho alichokitaka. Kisha akaifunika picha yote kwa shuka.

"Baba watoto," mkewe akamwita jioni ile kutoka chumbani, "shuka letu la maua liko wapi?"

"Liko kazini," alijibu, akatoka nje haraka kabla swali la pili halijamfikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wengine wakakaa madirishani. Mwenyekiti alikuwa Refa, mwamuzi wa mpira aliyestaafu, ambaye aliendesha mikutano yote kwa filimbi kwa sababu alisema sauti ya binadamu haiaminiki. Mbele kabisa, kwenye kiti kinachowatazama watu, alikaa mke wa Brashi. Naye alikuwa na sheria yake: anasikiliza kimya, na mwisho anaulizwa swali moja tu, kama anapokea au hapokei. Alikuwa amevaa gauni la kawaida na miwani ya dukani. Mbunge mpya alikuwa ameketi safu ya pili, nguo zimenyooshwa hata mikunjo ikaogopa, akiangalia kwa macho ya mtu anayejua kwamba zamu yake ipo.

Refa akapuliza filimbi. Mabishano yakaanza.

"Koleo!" akapaza mmoja.

"Koleo walishika vibarua, yeye alishika simu," akajibiwa. "Mpeni simu."

"Ubao wa kuvukia!"

"Huo arudishe kwanza, ni wa kwangu!"

Watu wakacheka. Brashi, kule dirishani, alijishika magoti. Mzee Bomba akainuka na fimbo yake, akasema kwa kuwa mama huyu alihusika na mabomba na yeye Mzee pia ni mtu wa mabomba, isije ikaonekana amenakiliwa, basi apewe chochote isipokuwa bomba. Akaketi akiwa ameridhika kwamba ametenda haki.

Ndipo akasimama Fundi Cherehani. Huyu alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia iliyozunguka shingo yake sikukuu na siku za kazi. Alikuwa dada mkubwa wa Brashi. Brashi alipomwona amesimama akashusha pumzi. Damu yake hiyo; itasema la heri.

"Mimi ni wifi yake," Cherehani akaanza, "na kura yangu sikumpa."

Ukumbi ukaguna.

"Msigune. Mliompa mngekuwa wengi hivyo angeshinda. Sikumpa, na namwambia hapa hapa anisikie. Vumbi la mitaro yake liliniharibia magauni meupe hata nikaanza kuwashauri mabibi harusi wavae rangi ya udongo. Nilimtukana. Wifi, nilikutukana?"

Mke wa Brashi, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Watu wakapiga makofi.

"Basi. Kura ni kura, na kitu ni kitu. Kwa miaka miwili kila nikitoka dukani nilikuwa namwona huyu mama mtaroni. Siyo juu ya mtaro, jamani, ndani. Mnamwona kichwa na mabega tu, kama mtu anayeoga. Siku udongo ulipoporomoka pale kwenye kona yangu na vibarua wakakataa kushuka, alishuka nani? Alivua viatu, akashuka, akasimama chini ya bomba lililokuwa likining'inia mpaka vibarua wakaona haya wakamfuata. Mimi nilisimama juu na pasi yangu mkononi, nikimtukana. Sasa nyie mnataka kumchora amesimama wima kama hawa? Sisi hatukumwona wima. Mchoreni mtaroni. Chini. Aonekane kichwa na mabega, na mikononi ashike mfuniko wa chemba ya majitaka."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka wakapigana mabega, wengine wakapiga miguu sakafuni, na kutoka madirishani sauti zikapokezana: "Mtaroni! Mtaroni!" Refa alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamwiva. Akauliza wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikaota kama nyasi baada ya mvua. Hata mbunge mpya alinyoosha, nusu, kama mtu anayeita mhudumu.

Refa akamgeukia mwanamke aliye kitini. "Mheshimiwa, jimbo linakupa mtaro na mfuniko wa chemba. Unapokea?"

"Hapokei!"

Sauti ilitoka dirishani. Ukumbi mzima uligeuka. Brashi alikuwa amesimama juu ya benchi, na hata yeye alionekana kushangaa ni nani amempandisha.

"Hapokei!" akarudia, maana alikwisha kuanza. "Wanaume watano mmewachora wima na viatu vyao! Hata Mgongo ana viatu! Mke wangu ndiye mnamtia shimoni? Na wewe, dada, tumenyonya ziwa moja!"

"Ziwa lilikuwa moja, akili tuligawana," Cherehani akamjibu, "na wewe ulichelewa."

Filimbi ililia mara tatu. "Mchoraji amesema!" Refa alisema kwa sauti ya mtu aliyeona mpira umeshikwa kwa mkono ndani ya eneo la hatari. "Tangu ukuta huu uanze, mchoraji hajawahi kusema! Ndugu Brashi, ningekuwa na kadi zangu, ungetoka!"

Brashi alishuka benchini kwa hasira, akakimbilia mbele, akateleza karibu na jukwaa, akalishika shuka lililofunika nafasi ya sita, na shuka likamfuata mpaka chini. Likamfunika yeye na maua yake yote. Alipolitoa kichwani, alikuta ukumbi mzima ukitazama ukuta. Pale kwenye nafasi ya sita, kwa mkaa mweusi, mkewe alikuwa amesimama ndani ya suti, kidevu juu, amekumbatia kitabu.

"Huyo ni nani?" mtu akauliza.

"Nadhani ni mama yetu."

"Na hicho kitabu?"

"Mimi kitabu pekee nilichomwona nacho ni cha risiti," akasema jirani wa duka.

Hata Brashi mwenyewe, akiwa bado sakafuni, aliona kwamba mwanamke yule wa mkaa hakufanana na mtu anayemjua. Alifanana na picha ya kwenye kalenda ya benki. Masikio yakamwaka moto. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amevua miwani, anafuta macho, na Brashi akajiambia: wamemliza mbele za watu. Kisha akaona mabega. Mabega yalikuwa yanacheza. Alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Refa," alisema alipoipata pumzi, "niulize tena."

"Unapokea?"

"Napokea." Na kwa kuwa neno moja ndilo jibu aliloruhusiwa, akarudisha miwani yake usoni.

Siku zilizofuata Brashi alinuna kwa ufundi. Alinuna asubuhi akipiga mswaki, alinuna akichora bango la kinyozi, hata mteja akauliza kwa nini kichwa cha kwenye bango kina huzuni. Kwa dada yake hakupita. Ukutani alifuta ule mkaa, akaacha patupu. Watu walipomuuliza lini, alijibu rangi haijafika.

Mchana mmoja mkewe alimwita dukani amsaidie kushusha mabomba. Waliposhusha yote, alimkalisha juu ya mfuko wa saruji.

"Sema," akamwambia.

"Sina la kusema."

"Jumamosi ulikuwa nalo, tena juu ya benchi."

Brashi alikuna kidevu chenye rangi. "Mimi nimewachora watu ambao hawakufanya nusu ya uliyofanya. Yule wa pili alipiga domo tu, kachorwa na fundi wangu kama mfalme. Nilitaka nikuweke juu. Nikuinue. Kazi hiyo ndiyo pekee ninayoijua, na wamenikataza."

"Nani amekukataza? Wamekwambia unichore vibaya?"

"Wamesema shimoni."

"Na mimi nilikuwa wapi?" Mkewe alichukua koki mpya kwenye rafu, akaifuta vumbi kwa kanga. "Nikwambie, bwana wee? Bungeni nilikuwa naogopa kila siku. Nasimama, naona kila mtu amesoma kunizidi. Mtaroni sikuogopa hata mara moja. Naujua udongo, naijua mitelemko, najua hili likiungwa na lile, shimo la mzee fulani halitafurika tena. Siku ile bomba la mwisho lilipoungwa nilikuwa nimesimama kwenye tope, na sikuwahi kujisikia mrefu namna ile. Wewe ulinichora na kitabu. Wifi yangu, na mdomo wake wote ule, ndiye aliyenichora mimi."

Brashi aliangalia rafu, akaangalia mlango. Akatafuta pa kutokea, hakupaona.

"Kwa hiyo dada yangu kaniona mjinga," akasema mwishowe.

"Hilo alilijua tangu utotoni, usijisumbue. Nenda kachore. Na shuka langu ulifue kwanza."

Akaenda. Akatundika turubai ili mtu asichungulie, akajifungia nalo. Kumchora mtu aliye mtaroni kulimpa taabu ambayo hakuitarajia: alihitaji ardhi. Wenzake wote walisimama juu ya mstari mmoja wa kahawia uliopita chini ya viatu vyao, na chini ya mstari huo hapakuwa na kitu, rangi ya ukuta tu mpaka sakafuni. Hakuna mchoraji aliyewahi kufikiri huko chini kuna nini. Alimweka mkewe ndani ya ule upande usiochorwa, kifua kikiwa sawa na viatu vya jirani yake Mwavuli, mikono imeshika mfuniko wa chemba mbele yake, mzito, wa chuma, kama ngao. Uso haukumsumbua hata kidogo. Ulikuja wenyewe, na tope kidogo shavuni.

Kisha akarudi nyuma akatazama, akaona bado. Mtaro umefika wapi? Mtaro hauchimbwi ili mtu asimame ndani yake apendeze. Alifikiri kidogo, akacheka peke yake, akalala chini kifudifudi na kopo la rangi ya kijivu, akaanza kuvuta bomba.

Siku ya kufunua, ukumbi ulijaa tena. Mbunge mpya alikuja mapema. Cherehani alikuja na futi yake na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana au kukumbatiwa, lolote litakalotangulia. Refa alipuliza filimbi, Brashi akashusha turubai, na waliokuwa nyuma wakapanda juu ya mabenchi.

Mama Mitaro alikuwa pale chini, hai kabisa, kichwa na mabega, mfuniko mikononi. Na kutoka ubavuni mwake lilitoka bomba nene, likaenda kushoto chini ya ardhi. Likapita chini ya viatu vya Mwavuli. Likapita chini ya Daktari na mtoto wake, chini ya visigino vya Mgongo, chini ya Kinanda, likaishia chini ya Mzee Bomba mwenyewe, ambapo lilipinda kidogo kwa heshima. Wabunge wote waliokuwa wamesimama hewani tangu enzi hizo sasa walisimama juu ya kitu. Na upande wa kulia bomba liliendelea, likapita chini ya nafasi tupu, likangoja.

Mbunge mpya aliisogelea ile nafasi. Akatazama bomba lililopita mahali ambapo siku moja viatu vyake vitakuwa. Akakohoa.

"Hili nitakuwa nimesimama juu yake?"

"Upende usipende, Mheshimiwa," Brashi akamjibu.

Mzee Bomba naye alikuwa amefika mbele, fimbo inagonga. "Wewe kijana wa rangi! Umenipitishia maji machafu chini ya miguu yangu?"

"Na nyumbani kwako pia yanapita, Mzee," mke wa Brashi akasema. "Ndiyo maana siku hizi hufungui dirisha kwa kuziba pua."

Kicheko kililipuka. Cherehani alimvuta mdogo wake kwa shingo ya shati, akampima mabega kwa futi kama kawaida yake anapoona haya kumkumbatia mtu, kisha akamkumbatia. "Mkono unao," alimwambia sikioni. "Mdomo tu ndio ukauchunge."

Watu walianza kusogea ukutani, na hapo Brashi akaona jambo ambalo hakulipanga. Wabunge wengine watu waliwatazama wakiwa wamesimama, macho kwa macho. Lakini mkewe alikuwa chini. Aliyetaka kumwona sura ilimbidi ainame, na aliyetaka kumwona vizuri ilimbidi achuchumae. Mmoja baada ya mwingine waliinama: jirani wa duka, Mwavuli aliyecheka huku akishika kiuno, mabibi wenye vitenge, wale waliompa kura na wale waliomnyima, mbunge mpya na mikunjo yake ya suruali. Watoto peke yao hawakuinama. Wao walisimama wakamtazama usoni moja kwa moja. Brashi alisimama nyuma, mikono mifukoni, akaitazama ile safu ya migongo mbele ya mkewe. Alikuwa ametaka kumwinua. Sasa akaelewa kwamba kazi hiyo imefanyika, ila kwa upande wa pili. Alikohoa, akasingizia rangi.

Mzee Bomba alikuwa wa mwisho. Alishuka polepole, goti moja likalia, la pili likajibu, mpaka akafika chini ana kwa ana na uso wenye tope. Alikaa pale muda mrefu akiangalia lile bomba la kijivu lilivyotoka kwa mama yule hadi chini ya picha yake mwenyewe. Kisha akageuza kichwa, akamtafuta mwenye uso wa kweli aliyekuwa amesimama kando yake.

"Mheshimiwa," akasema, "kushuka nimeshuka. Kupanda ndiyo kazi. Nipe mkono."

Akampa.